Mpangaji wa Mita Thelathini na Nne

Baba hajui kuogelea.
Miaka ishirini na sita alikaa chini ya sitaha,
fundi wa injini katika kivuko cha Santa Tekla,
Mġarr kwenda Ċirkewwa, Ċirkewwa kurudi Mġarr,
na bahari aliijua kwa sauti tu,
kama mtu anavyomjua jirani kwa kikohozi cha nyuma ya ukuta.

Kivuko kilipozeeka walikiosha.
Walitoa mafuta, nyaya, vioo, viti vya plastiki,
wakatoboa matundu ubavuni ili wazamiaji wapite,
wakafunga baruti, na Jumamosi moja ya Juni,
bendi ya kijiji ikipuliza tarumbeta gatini,
wakakizamisha makusudi.
Watu walipiga makofi.
Baba alikuwa nyumbani, anamenya viazi.

Chombo cha kuzama hakina usukani, husemwa.
Hiki kilizama nao. Nimeushika kwa mikono yangu,
umeota manyoya ya mwani, na bado unazunguka robo.

Kazi yangu ni kuwashusha wageni.
Leo Waswidi wawili, na Ersilia, mfamasia wa Palermo,
anayevuta hewa ya mtungi kama anywaye supu ya moto.
Nauliza kwa vidole: sawa? Sawa.
Tunaiacha buluu ya juu yenye kelele za mashua,
tunapita buluu ya pili, isiyo na jina,
na mahali fulani njiani nyekundu inakufa:
kucha za Ersilia, zilizopakwa rangi jana, zinageuka majivu.
Kisha mlingoti.
Kisha meli nzima, wima juu ya mchanga mweupe,
kama inayongoja magari.

Chewa mmoja, mnene kama paroko,
amekaa kwenye dirisha la tiketi na hauzi chochote.
Mkunga ametoa kichwa kwenye bomba la moshi.

Kila jioni Baba huniuliza, kwa sauti ya kuulizia mgonjwa:
Mlango wa tatu bado unakwama?
Bado, Baba.
Nilimwambia yule mkandarasi. Nilimwambia!
Na kule ukutani, nyuma ya pampu?

Nyuma ya pampu ndiko alikonipima.
Mama alikuwa na zamu za hospitali, mimi nikalelewa na injini;
kila nilipotimiza mwaka alinisimamisha pale, visigino ukutani,
akakwaruza mstari kwa bisibisi juu ya utosi wangu.
Tatu. Nne. Nne na nusu, kwa sababu nililia.

Leo nimewaacha wageni na Salvu nje ya tundu,
nikaingia peke yangu na tochi.
Sheria inakataza. Naijua;
mimi ndiye ninayewasomea kila asubuhi.
Kutu ikadondoka darini, imechokozwa na mapovu yangu.
Nikawasha taa, na nyekundu ikafufuka:
sifongo, pana kama kiganja cha mtu mzima,
imekaa juu ya miaka yangu, toka saba hadi tisa.
Chini yake naiona sita. Juu yake kumi, imepinda kidogo.

Nilikuwa na kisu mguuni.
Nilikichomoa.
Nikasikia pumzi yangu ikienda, ikirudi, ikienda.
Nilikirudisha.

Kisha, sijui kwa nini, niligeuka,
nikaegemeza mtungi ukutani, nikajinyoosha.
Kumi ilinifika begani.

Mita tano, dakika tatu, tumeshika kamba
sote watano, tumeanikwa kama nguo.
Ersilia alizitazama kucha zake
zikirudiwa na damu.

Baba, kuna kiumbe chekundu
kimekaa juu ya saba, nane na tisa.
Kiazi kikasimama mkononi mwake.
Kinaharibu?
Hapana. Kinaishi tu.
Akafikiri. Ganda refu lilining'inia kwenye kisu.
Kinalipa kodi?
Hakilipi.
Basi kiambie kiutie mafuta mlango wa tatu.